Kisu Nilichokinoa Mwenyewe

Saumu mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekunywa chai vikombe viwili na umecheka na mama yako mpaka jirani akagonga ukuta. Kwa hiyo hapo naparuka.

Najua Kiswahili unakisikia kuliko unavyokisoma. Ukifika mahali pakakushinda, soma kwa sauti, masikio yako yatakusaidia. Ningeweza kumwomba mtu aniandikie kwa Kiingereza, ila haya sitaki yapite kwenye mkono wa mtu mwingine.

Leo Jumapili, saa tisa alasiri. Wewe na mama yako mmekwenda kumuaga Mama Neema, nami nimekuja dukani hapa Marshalltown, nikawaambia kuna viatu vya mtu lazima nivimalize. Hakuna viatu vya mtu. Nimeteremsha shata la mlango nusu nikakaa kwenye kigoda changu, karatasi juu ya goti.

Mambo ya dawa, pasipoti, chakula gani ule na kipi usile, mama yako ameshayasema, na kesho atayarudia mpaka kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka sita. Tangu ulipotuambia unakwenda Thailand nimejaribu kukwambia mara nne. Mara ya mwisho ilikuwa Alhamisi. Ulikuwa unapanga begi, ukanyoosha mikono kuchukua glavu zako juu ya kabati, fulana ikapanda, nikaiona michoro mgongoni mwako. Mistari mitano ya herufi, imeshuka kutoka begani. Naijua. Kaka yako alikuwa nayo hiyohiyo, bega hilohilo.

Ukageuka. "Baba, unataka kitu?"

Nikasema, "Chai ipo?"

"Ipo kwenye chupa."

Nikaenda nikajimiminia chai ambayo sikuitaka.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne Athumani alipokufa. Tulikwambia aliuawa na watu wa maandamano, na ni kweli. Hatukukwambia zaidi, na mama yako mwenyewe zaidi ya hapo hajui. Yaliyobaki ninayo mimi peke yangu.

Nianzie mbali kidogo. Tulipokuwa tunakaa Alexandra, wewe ukiwa mgongoni kwa mama yako, lile la mwaka 2008, la kuwasaka wageni, lilitukuta ndani. Vijana walisimama mlangoni, mmoja akainua mkono, akajigusa kiwiko, akaniuliza kinaitwaje kwa Kizulu. Mimi nilikuwa nalijua lile neno, Saumu. Nilikuwa nalitumia. Lakini ulimi uligoma, ukawa kama soli iliyokauka. Aliyejibu ni Athumani. Alikuwa na miaka kumi. Akatoka nyuma yangu, akalisema neno kama walisemavyo wao, akaongeza mengine ya shuleni kwake, wakacheka, wakaenda nyumba ya pili. Usiku huo tulihama na tulichovaa. Hatujawahi kulizungumza, mimi na yeye. Ila tangu siku ile niliona anatembea mbele yangu barabarani, si nyuma. Mtoto wa miaka kumi alishaamua kwamba mlinzi wa nyumba hii ni yeye, na mimi nilimwachia.

Hilo ni kosa langu la kwanza. Nalitaja tu ili ulielewe la pili.

Tulipohamia Kensington akaanza kwenda jimu, ile iliyo juu ya duka la matairi. Unaikumbuka, na wewe ndiko ulikoanzia. Kru Anan, mwalimu wenu kutoka Thailand, alikuwa ndiyo kwanza ameifungua. Alinijia dukani kabla hata sijajua anamfundisha mwanangu, akanipa pedi za mateke zilizopasuka. Mtu mfupi, mpole, akiingia lazima avue viatu, hata hapa kwenye vumbi la ngozi. Kiingereza chake kilikuwa vipande vipande na changu hakikuwa kizima, tukaelewana.

Siku moja akatoa mfukoni kitu kidogo kwenye kitambaa cheupe. Bati jembamba lililochorwa herufi, likaviringishwa kama sigara, uzi ukapita katikati. Akasema linaitwa takrut. Alitaka nilivishe ngozi ili mtu aweze kulifunga mkononi bila kukwaruzwa. Nikacheka, nikavuta droo nikamwonyesha hirizi tatu nilizokuwa nashona wiki hiyo, mbili za madereva wa malori wa kwetu na moja ya kijana wa Unguja anayeuza simu. Karatasi ya shehe ndani, ngozi juu, mshono wa kufumba. Naye akacheka. Alizigeuzageuza akaangalia mshono, hakuuliza ndani mmeandikwa nini. Mimi pia sikuwahi kuwauliza wateja wangu. Kazi ya fundi ni mshono. Anayeamini ni mwenye kuvaa.

Basi tukawa hivyo. Yeye analeta, mimi navisha. Akanieleza, kidogokidogo, kwamba kwao askari na wapiganaji wamevaa hizi tangu zamani, na wengine wanachorwa mwilini kwa sindano ndefu ya chuma huku mwalimu akisoma dua zao. Wanasema ngozi inakuwa ngumu, kisu hakiingii. Akasema kuna masharti. Usimtukane mama. Usiibe. Usile chakula cha msiba. Usipite chini ya kamba ya kuanikia nguo. Nikamwambia na kwetu kuna masharti, wala hayapungui hayo.

Sikujua kwamba mwanangu ameshaanza kuyahesabu.

Jumamosi moja asubuhi Kru alikuja na kisu, kirefu kama mkono wa mtoto, mpini wa mti. Akaniomba nikinoe. Mwalimu wake mkubwa amekuja kutoka kwao, akasema, na siku hiyo vijana wangechorwa na kujaribiwa. Nilikinoa nusu saa. Nilianza kwa jiwe kubwa, nikaja kwa dogo, nikamalizia kwenye mkanda wa ngozi. Nikakijaribu mkononi kwangu, kikanyoa malaika yote bila kuvuta hata unywele mmoja. Kilikuwa kisu kikali kuliko vyangu vyote.

Mchana nikaenda jimu. Athumani alikuwa ameniomba nifike. Nilikaa nyuma kwenye kiti cha plastiki. Ubani wao ulinukia tofauti na wetu. Yule mzee mgeni alikuwa amevaa nyeupe tupu, vijana wamepiga magoti bila mashati, michoro mibichi imevimba migongoni. Akakichukua kile kisu. Akamwekea Athumani makali begani, akakandamiza kwa mikono miwili, akainua. Akashuka chini kidogo, akakandamiza, akainua. Mara tano au sita. Ilibaki mistari myekundu. Tone la damu halikutoka. Watu wakapumua kama mtu mmoja.

Mimi nimekata ngozi miaka thelathini, Saumu. Ngozi ya ng'ombe, ya mbuzi, na yangu mwenyewe, tazama kidole gumba changu. Kisu kikali ukikikandamiza wima kwenye ngozi, kinabonyeza. Hakikati. Ili kikate lazima ukivute. Hili ndilo jambo la kwanza nililofundishwa na fundi wangu Tanga, kabla hata ya kushika sindano ya shazia. Yule mzee hakukivuta hata mara moja. Sisemi alikuwa tapeli. Labda ndivyo alivyofundishwa na yeye, labda hakuwahi kujiuliza. Lakini mimi niliona, na katika chumba kile sidhani kama kulikuwa na mwingine aliyejua alichokiona.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Athumani alikuwa hawezi kuvaa shati vizuri kwa maumivu, lakini uso wake, mwanangu, sijawahi kuuona vile. Tulipofika kwenye robot ya chini, zile taa za barabarani, ikawa nyekundu, akasimama.

"Baba, kisu umekinoa wewe?"

"Nimekinoa mimi."

"Kilikuwa kikali?"

"Kikali sana."

"Sasa si umeona?"

Nikasema, "Nimeona."

Hayo ndiyo maneno yangu. Hakuna hata moja la uongo ndani yake. Taa ikawaka kijani tukavuka.

Nimejiuliza kwa nini. Alikuwa na furaha, hiyo ni sababu. Nyingine ni kwamba alinitazama kama mtoto anavyomtazama baba, mara ya kwanza tangu Alexandra, kwa sababu mimi ndiye niliyekinoa kisu kilichoshindwa kumkata. Nilikuwa nimeingia kwenye nguvu zake, na sikutaka kutoka. Na ya tatu, ambayo naiona aibu zaidi: kuna pembe moja ya moyo wangu iliyosema, huwezi kujua. Pengine kweli. Nilitaka iwe kweli.

Nadhani utakumbuka kilichofuata, kwa sababu mlimcheka sana. Ile kamba ya nguo pale uani. Athumani akawa haipiti chini. Anazunguka nyuma ya pipa la taka, anajibana ukutani, ndoo mkononi, wewe na mama yako mnamwita bi harusi. Yeye anatabasamu tu. Mimi nilijua anazunguka nini, na nilicheka nanyi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Tulisikia mapema kwamba kuna watu wanakuja kutoka upande wa stesheni, wana fimbo, wanavunja maduka ya wageni. Mtaa mzima ukateremsha mashata. Mama Neema, fundi wa nguo wa mtaa huu, alikimbilia hapa dukani nilipokuwa na Athumani, yeye na kitambaa alichokuwa anakishona bado kimening'inia shingoni, akaacha cherehani yake nje kwenye meza. Unajua ile cherehani aliibeba kutoka wapi hadi wapi, toka Burundi, kupitia kambi mbili za wakimbizi. Akakaa sakafuni hapa akaanza kulia bila sauti.

Athumani akasema, "Naifuata."

Nikamwambia, "Cherehani ni chuma. Itapatikana nyingine."

"Eish, Baba, ni hatua ishirini."

Nikamshika mkono wa shati. Akanitoa vidole kimoja kimoja, polepole, bila hasira, halafu akajigusa juu ya kiwiko, pale lilipokuwa bati nililolivisha ngozi mimi mwenyewe. Akatabasamu. "Umesahau? Wewe ndiye uliyekinoa."

Nilikuwa na nafasi, Saumu. Maneno yenyewe ni matatu: kisu hakikuvutwa, mwanangu. Ulimi ukagoma. Uligoma kama ulivyogoma Alexandra, na safari hii hapakuwa na mtoto nyuma yangu wa kunisemea.

Akainama chini ya shata akatoka. Hakukimbia. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo nikifumba macho: alitembea. Kundi lilikuwa bado mbali kiasi, angekimbia angewahi. Alitembea kama mtu anayekwenda kununua mkate kwenye duka la spaza, akaibeba cherehani kwa mikono miwili, akageuka. Kijana mmoja alikuwa ametangulia mbele ya wenzake. Mdogo wa umbo, hata ndevu hana. Akapita ubavuni kwake kama anayempisha. Niliuona mkono wake wenye kisu. Ulivuta.

Athumani alifika mlangoni na cherehani mikononi. Aliiweka chini kwanza, vizuri, ndipo akakaa.

Aliishi hospitalini mpaka kesho yake adhuhuri. Mama yako alikuwa ametoka kidogo kwenda kuswali, nikabaki naye mimi. Akafungua macho, akaniita. Nikainama.

"Baba, ile kamba ya nguo."

"Kamba gani?"

"Uani. Asubuhi ya jana mama aliniita nimshikie beseni. Sikumbuki. Nilipita chini yake?"

Ilichukua muda mpaka nikaelewa ananiuliza nini. Alikuwa pale na tumbo limefungwa bandeji, anatafuta kosa lake. Alidhani amevunja sharti. Alidhani kinga ilikuwa nzima, na mwenye dosari ni yeye.

Na mimi nikasema, "Sijui, baba."

Nilijua. Ningeweza kumwambia hukukosea kitu, hakuna kamba, hakuna sharti, ngozi ni ngozi, na mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Nikaona nikisema hivyo nitamwondolea kitu cha mwisho alichonacho. Au niliogopa atanitazamaje. Sijui nikupe sababu ipi. Akafumba macho, midomo ikawa inacheza kidogo, nadhani alikuwa anahesabu hatua zake za uani. Mama yako aliporudi, Athumani alikuwa hasemi tena.

Ndiyo maana niliikata ile kamba. Uliniuliza wakati ule, "Baba, sasa nguo tutaanika wapi?" nikakukaripia, mara moja tu katika maisha yako, mimi niliyekupa jina la mama yangu ili nisiweze kukukaripia. Nisamehe kwa siku ile.

Baada ya arobaini Kru alikuja dukani. Alivua viatu mlangoni. Nilikuwa nimeshika kisu cha kazi, nikakiweka mbali, kwa sababu sikuuamini mkono wangu. Hakutoa pole kwa maneno. Alivua shati. Kifuani, juu ya michoro yake mizuri, pana kovu kutoka titi hadi mbavu, nene kama mkanda, limeikata michoro vipande viwili. Chupa iliyovunjika, akasema, zamani, kwao, baada ya pambano.

Nikamuuliza, "Na yeye ulimwonyesha?"

Akasema, "Ninafundisha na shati. Hakuniuliza."

Alilia pale kwenye kigoda unachokalia ukija. Sikuwa na neno la kumpiga nalo. Yeye hakuulizwa. Mimi niliulizwa, kwenye robot, mchana kweupe, na mwanangu wa kumzaa.

Mwaka uliofuata Kru alifunga jimu akarudi kwao. Sasa wewe unamfuata huko, ukapigane mwaka mzima kwenye kambi yake. Umesema mwenyewe una miaka ishirini, na ni kweli. Sikuzuii. Nilimweleza mtu mmoja msikitini kwamba binti yangu anakwenda kupigana ngumi na mateke ughaibuni, akaniambia, mkataze. Nikamuuliza, kwa sauti ipi? Sauti ya kukataza mtoto ni lazima uwe umeitumia kusema kweli kwanza.

Sijui kama Athumani angebaki ndani lau ningemwambia. Mama Neema anaamini angetoka tu. Pengine. Alikuwa mtu wa kutoka. Ila angetoka akijua mwili wake ni mwili, na mtu anayejua hivyo nadhani hukimbia. Hapo ndipo ninapofika kila siku, kisha narudi mwanzo.

Kwa hiyo sikuombi uifute michoro. Wala sijui kama inafutika. Sikuombi umchukie Kru, ni mtu mwema, na kama kuna mtu huko atakayekutazama ukiugua ni yeye. Naomba ukifika umuulize. Mwambie akuonyeshe kifua. Ukimuuliza atakujibu, nimemwona akijibu. Na siku ukiumia, maana kwenye kazi hiyo utaumia, usilale kitandani kutafuta ulipita chini ya kamba gani. Mtu aliyekupiga ndiye aliyekupiga. Sikuweza kumpa kaka yako neno hilo, nakupa wewe, limechelewa.

Kuna jambo jingine, na hili mama yako aliniapisha nisikwambie.

Shangazi yako alituma hirizi kutoka Tanga, ilikuja na abiria wiki iliyopita. Mama yako akaniletea hapa dukani, kaifunga kwenye leso.

"Mshonee kwenye begi," akasema. "Asijue."

Nikamwambia, "Mke wangu, mimi najua hizi ni nini."

"Sijakuuliza unajua nini. Nimesema mshonee."

Nilimtazama, naye akanitazama. Ameshazika mmoja. Hakuna fundi wala shehe wala baba aliyeweza kumwambia hapana.

Iko ndani ya mkanda wa begi lako la mazoezi, pale panapolala begani, chini ya ile ngozi nyeusi niliyoibadilisha jana. Ukipapasa utaisikia. Mishono nimeifanya mirefu, uzi mwembamba, wembe wowote utaifumua kwa dakika moja. Ukitaka itoe, ukitaka iache. Usimwambie mama yako kwamba nimekwambia.

Niliishona jana mchana, mlango wazi, watu wanapita na viatu vyao. Nilisoma ninachokijua cha kusoma, nikarudia. Sikuiamini, mwanangu, na sikuacha kushona.

Baba yako